Kulaza na kuamsha msimbo ndani ya kerneli ya Linux: foleni ya kusubiri tangu mwanzo

Programu inaposoma kifaa ambacho bado hakina data, kiendeshaji (msimbo unaosimamia kifaa ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi) kina njia mbili. Kinaweza kuzunguka kwenye kitanzi kikichungulia kama data imefika, prosesa ikichemka bure. Au kinaulaza mchakato ulioomba, kisha kinauamsha data ikifika. Njia ya pili ndiyo ya kiungwana, na kerneli ya Linux imeitengenezea chombo chake: foleni ya kusubiri, iliyomo kwenye heda `linux/wait.h`.

Kabla hujaandika mstari hata mmoja, shika hili: kuamshwa hakubebi habari yoyote. Ni kama maji yakitoka mtaani saa nane usiku. Anayepiga kelele "maji yametoka!" hajakuletea maji, amekutoa kitandani tu. Ukifika bombani unaweza kukuta wenzako wameshajaza ndoo na bomba limekauka, ukarudi kulala. Ndani ya kerneli, bomba ni sharti (kigezo unachokiangalia) na kelele ni `wake_up()`. Anayeamsha hubadilisha sharti kwanza, ndipo apige kelele. Anayeamka hukagua sharti upya kila mara. Makosa mengi ya eneo hili ni namna tofauti za kusahau mojawapo ya hayo mawili.

Maandalizi

Kwenye Debian au Ubuntu:

```
sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r)
```

Fanyia mazoezi kwenye mashine pepe. Kosa la kulala pasipofaa linaweza kuigandisha mashine nzima, na faili ulizokuwa hujahifadhi zikaenda nayo. Tena, kama kompyuta imewashwa Secure Boot (ulinzi unaodai msimbo uliotiwa saini), `insmod`, amri ya kupakia moduli (kipande cha msimbo kinachoongezwa kwenye kerneli), itakataa moduli isiyotiwa saini kwa ujumbe kama "Key was rejected by service". Mashine pepe isiyo na Secure Boot inakuepusha na usumbufu huo.

Mfano wetu ni kifaa `/dev/kengele`. Anayekiandikia anapiga kengele, anayekisoma analala mpaka ipigwe, na kila mlio unachukuliwa na msomaji mmoja tu. Hifadhi huu kama `kengele.c`:

```c
#include <linux/module.h>
#include <linux/miscdevice.h>
#include <linux/fs.h>
#include <linux/poll.h>
#include <linux/uaccess.h>
#include <linux/wait.h>
#include <linux/spinlock.h>

static DECLARE_WAIT_QUEUE_HEAD(foleni);
static DEFINE_SPINLOCK(kufuli);
static unsigned int milio; /* Hili ndilo sharti */

static bool chukua_mlio(void)
{
	unsigned long hali;
	bool nimepata = false;

	spin_lock_irqsave(&kufuli, hali);
	if (milio > 0) {
		milio--;
		nimepata = true;
	}
	spin_unlock_irqrestore(&kufuli, hali);
	return nimepata;
}

static ssize_t kengele_read(struct file *f, char __user *buf,
			    size_t n, loff_t *pos)
{
	if (n == 0)
		return 0;

	while (!chukua_mlio()) {
		if (f->f_flags & O_NONBLOCK)
			return -EAGAIN;
		if (wait_event_interruptible(foleni, READ_ONCE(milio) > 0))
			return -ERESTARTSYS;
	}

	if (put_user('K', buf))
		return -EFAULT;
	return 1;
}

static ssize_t kengele_write(struct file *f, const char __user *buf,
			     size_t n, loff_t *pos)
{
	unsigned long hali;

	spin_lock_irqsave(&kufuli, hali);
	milio++;
	spin_unlock_irqrestore(&kufuli, hali);

	wake_up_interruptible(&foleni);
	return n;
}

static __poll_t kengele_poll(struct file *f, poll_table *pt)
{
	__poll_t jibu = EPOLLOUT | EPOLLWRNORM;

	poll_wait(f, &foleni, pt);
	if (READ_ONCE(milio) > 0)
		jibu |= EPOLLIN | EPOLLRDNORM;
	return jibu;
}

static const struct file_operations kengele_fops = {
	.owner = THIS_MODULE,
	.read  = kengele_read,
	.write = kengele_write,
	.poll  = kengele_poll,
};

static struct miscdevice kengele = {
	.minor = MISC_DYNAMIC_MINOR,
	.name  = "kengele",
	.fops  = &kengele_fops,
	.mode  = 0666,
};
module_misc_device(kengele);
MODULE_LICENSE("GPL");
```

Ruhusa 0666 ni ya majaribio tu. Faili ya `Makefile` inahitaji mstari mmoja, `obj-m := kengele.o`, kisha:

```
make -C /lib/modules/$(uname -r)/build M=$PWD modules
sudo insmod kengele.ko
cat /dev/kengele &
ps -o pid,stat,wchan:24,cmd -C cat
```

Kwenye safu ya `STAT` utaona `S`, maana yake `cat` imelala usingizi mwepesi. Kwenye `WCHAN` utaona `kengele_read`, yaani funksheni iliyolalia. Sasa andika `echo > /dev/kengele`. Herufi K inajitokeza kwenye skrini na `cat` inarudi kulala. Jaribu `sudo rmmod kengele` huku `cat` ingali hai: utajibiwa kwamba moduli inatumika. Hiyo ni kazi ya `.owner = THIS_MODULE`. Ukiusahau mstari huo, moduli inaweza kung'olewa kuna mtu amelala ndani yake. Akiamka, msimbo aliokuwa akiutekeleza haupo tena.

Kwa nini `while`, na si `if`

Tazama kwa karibu wasomaji wawili waliolala na mlio mmoja ukipigwa. `wake_up_interruptible()` inawaamsha wote wawili. Wote wanaona `milio` ni 1. Wa kwanza anashika kufuli, anapunguza, anaondoka na mlio. Wa pili anashika kufuli na kukuta 0. Kwa kuwa yumo ndani ya `while`, anarudi kulala. Angekuwa na `if` tu, angeendelea na safari kana kwamba amepata. Na kama funksheni ya kuchukua ingepunguza bila kuuliza, `milio` isiyo na alama ya hasi ingeruka kutoka 0 hadi 4294967295 na kengele isingenyamaza tena.

Ndiyo maana kazi imegawanywa mara mbili. Sharti lililo ndani ya `wait_event_interruptible()` linachungulia tu, bila kufuli. `READ_ONCE` inailazimisha kompaila isome kumbukumbu yenyewe badala ya kutegemea thamani iliyoibakiza. Uamuzi wa kweli, nani kapata na nani kakosa, unafanyika chini ya kufuli.

Wasomaji wakiwa mia na milio ikija mmojammoja, kuwaamsha wote mia ili mmoja apate ni hasara. Hapo tumia `wait_event_interruptible_exclusive()`: walalaji wa aina hiyo huamshwa mmoja kwa kila `wake_up`. Kwa wasomaji wawili watatu usijisumbue nayo.

Msomaji makini ataona pia kwamba `put_user` ikishindwa, mlio umeshapunguzwa na umepotea. Kwa kengele si neno. Kwa kiendeshaji chenye data ya maana, irudishe data kwenye bafa kabla ya kutoa `-EFAULT`.

Mwanya unaopoteza kuamshwa

Wanaoanza hupenda kuandika usingizi kwa mkono: angalia sharti, kama halijatimia jiweke kwenye foleni, lala. Mpangilio huo una tundu. Prosesa 0 inakagua `milio` na kukuta 0. Kabla haijafika kwenye foleni, prosesa 1 inaongeza `milio` na kuita `wake_up`. Foleni ni tupu, kelele inapotelea hewani. Prosesa 0 inajiunga na foleni na kulala, na mlio uko pale pale mbele yake. Funksheni za zamani za `sleep_on()` zilikuwa na tundu hilihili kwa maumbile yake, na ziliondolewa kwenye kerneli toleo la 3.15 mwaka 2014. Ukikuta mafunzo ya mtandaoni yanayozitumia, yaache.

Ndani yake, `wait_event_interruptible()` inapindua mpangilio:

```c
DEFINE_WAIT(mimi);
int jibu = 0;

for (;;) {
	prepare_to_wait(&foleni, &mimi, TASK_INTERRUPTIBLE);
	if (READ_ONCE(milio) > 0)
		break;
	if (signal_pending(current)) {
		jibu = -ERESTARTSYS;
		break;
	}
	schedule();
}
finish_wait(&foleni, &mimi);
```

Kwanza jiunge na foleni na ujitangaze kuwa umelala, ndipo ukague sharti, ndipo uiachie prosesa kwa `schedule()`. Kelele ikipigwa katikati ya hatua hizo, hali yako inarudishwa kuwa ya aliye macho na `schedule()` haikulazi. Andika hivi kwa mkono pale tu makro ya kawaida isipokutosha.

Mpangilio huo una gharama moja ndogo: sharti hukaguliwa mchakato ukiwa umeshatangazwa kuwa umelala. Ukiweka `mutex_lock()` au chochote kinachoweza kulala ndani ya sharti, kerneli iliyowashwa ukaguzi italalamika kwenye `dmesg`: "do not call blocking ops when !TASK_RUNNING". Sharti liwe jepesi: soma kigezo, linganisha, basi.

Usitangulize `if (waitqueue_active(&foleni))` mbele ya `wake_up` kwa nia ya kuokoa muda. Bila `smp_mb()` kabla yake, prosesa inaweza kuona foleni tupu ilhali mlalaji ameshaingia, na umelifungua tena tundu lilelile.

Pasipolalika

Ndani ya kishughulikia intarapti (msimbo unaoendeshwa kifaa kinapoikatiza prosesa) huwezi kulala, kwa sababu hakuna mchakato wako pale. Umeiazima prosesa ya mtu aliyekatizwa. Hali ni hiyohiyo kwenye funksheni ya taima, ndani ya `rcu_read_lock()`, na ukiwa umeshika spinloku (kufuli la aina ya letu, ambalo anayelingoja huzunguka badala ya kulala). Kuamsha, hata hivyo, kunaruhusiwa kote huko, na ndiyo matumizi ya kawaida: intarapti inaleta data, inabadilisha sharti, inaita `wake_up_interruptible()` na kuondoka. Kwa vile kufuli letu linatumia `irqsave`, nyongeza ya `milio` inaweza kuhamishiwa ndani ya intarapti kama ilivyo. (Kwenye kerneli ya PREEMPT_RT, yaani ya kazi zinazodai majibu kwa wakati, iliyoingia kwenye mti mkuu kwa toleo la 6.12, kishughulikia kinachoendeshwa moja kwa moja kama intarapti kamili hakipaswi kuita `wake_up`. Tumia `request_threaded_irq()` na uamshie kwenye uzi wake.)

Shida ni kwamba mambo mengi hulala bila kujitangaza. `kmalloc` yenye `GFP_KERNEL` inaweza kulala ikitafuta kumbukumbu. `copy_to_user` na `put_user` zinaweza kulala ikiwa ukurasa wa mtumiaji haupo kwenye kumbukumbu, na ndiyo sababu `put_user` yetu iko nje ya kufuli. Kosa la aina hii linaweza kupita majaribio mia na kuanguka la mia na moja. Jenga kerneli ya majaribio yenye `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP` na `CONFIG_PROVE_LOCKING`. Utaona "BUG: sleeping function called from invalid context" pamoja na mstari wenye kosa, hata siku ambayo usingizi wenyewe haukutokea.

Muteksi (kufuli ambalo anayelingoja hulala) inaruhusu kulala, lakini ina mtego wake. Msomaji akilala huku ameishika, na mwandishi anaihitaji ili atimize sharti, kila mmoja anamngoja mwenzake mpaka kiama. Achia muteksi, lala, ishike tena, kagua upya.

Usingizi mwepesi na usingizi wa pono

`wait_event_interruptible()` inakubali kukatizwa na ishara kama Ctrl-C. Ikikatizwa, inarudisha `-ERESTARTSYS`, nawe uirudishe hivyohivyo. Kerneli ndiyo itakayoamua kama wito uanzwe upya au programu ipewe `EINTR`. Usirudishe -1, hiyo ni `-EPERM`, na mtumiaji ataambiwa "Operation not permitted" akahangaika na ruhusa za faili bure. Kama umeshampa baiti kadhaa kabla ya ishara kufika, rudisha idadi yake.

Kulipuuza jibu hilo ndani ya `while` ni kosa baya kuliko linavyoonekana. Ishara ikishasubiri, makro inarudi papo hapo kila inapoitwa. Kitanzi kinazunguka bila kulala, prosesa inafika asilimia 100, na mchakato haufi hata kwa `kill -9`.

`wait_event()` ni usingizi wa pono: hakuna ishara inayouvunja, na `ps` inauonyesha kwa herufi `D`. Mchakato ukikaa hivyo zaidi ya sekunde 120, kerneli nyingi huandika "blocked for more than 120 seconds" kwenye `dmesg`. Itumie pale tu una hakika tukio litakuja kwa muda mfupi. Ukitaka kitu cha katikati, `wait_event_killable()` inakubali ishara za kuua pekee.

Hapa pana mtego unaowanasa hata wazoefu. `wake_up_interruptible()` inawaamsha waliolala usingizi mwepesi peke yao. Ukibadilisha upande wa kulala kuwa `wait_event_killable()` na kuusahau upande wa kuamsha, walalaji hawataamka kamwe. Badilisha kuwa `wake_up()`, inayoamsha wa aina zote.

Usingizi wenye ukomo

```c
long baki = wait_event_interruptible_timeout(foleni,
		READ_ONCE(milio) > 0, msecs_to_jiffies(500));
```

Jibu hasi ni ishara, 0 ni muda umekwisha na sharti halijatimia, chanya ni sharti limetimia. Kigezo kiwe `long` chenye alama. Ukitangaza `unsigned`, ishara itageuka kuwa namba kubwa chanya na utadhani umefaulu. Wala usiandike 500 tupu. Kipimo ni `jiffies` (mapigo ya saa ya kerneli), na urefu wake unategemea `HZ` ya kerneli, yaani idadi ya mapigo kwa sekunde: 500 ni nusu sekunde kwenye HZ 1000, sekunde 2 kwenye HZ 250, sekunde 5 kwenye HZ 100.

`poll` hailali

Jina la `poll_wait()` linapotosha. Haisubiri chochote, inaisajili foleni yako tu, na anayelala ni kerneli yenyewe kwa niaba ya `poll`, `select` au `epoll`. Iite kwanza, kisha kagua sharti. Ukianza na ukaguzi, ule mwanya wa kupoteza kuamshwa unarudi kwa mlango wa nyuma.

Nyuzi za kerneli

Moduli ikiwa na uzi wake uliozaliwa kwa `kthread_run()`, sharti lake la kulala libebe pia amri ya kuondoka:

```c
wait_event_interruptible(foleni,
	READ_ONCE(milio) > 0 || kthread_should_stop());
```

`kthread_stop()` huuamsha uzi na kusubiri ufe. Kama sharti halina `kthread_should_stop()`, uzi unaamka, unaona `milio` ni 0, unarudi kulala. Amri ya `rmmod` nayo inabaki kwenye hali ya `D` ikiungoja. Kwenye foleni ya nyuzi za kerneli pekee, `wait_event_idle()` ni nzuri zaidi kwa kuwa haijali ishara na haipandishi wastani wa mzigo. Iamshe kwa `wake_up()`.

Tukio la mara moja: `struct completion`

Ukisubiri jambo moja likamilike, mathalani kifaa kimalize amri uliyokipa, usijenge foleni na bendera yake. Heda `linux/completion.h` ina `init_completion()`, `wait_for_completion_timeout()` na `complete()`. Sharti limo ndani yake kama hesabu, hivyo `complete()` ikitangulia kabla hujalala, haipotei. Kabla ya kuitumia tena kwa amri nyingine, ita `reinit_completion()`. La sivyo, baada ya `complete_all()` kila kusubiri kutapita moja kwa moja.

Angalia inapokaa. Kuiweka kwenye staki ya funksheni kwa `DECLARE_COMPLETION_ONSTACK` ni rahisi, lakini muda ukiisha na funksheni ikarudi, intarapti iliyochelewa itaita `complete()` kwenye kumbukumbu ambayo sasa ni ya mtu mwingine. Ajali hiyo hutokea mbali na chanzo chake, na kuitafuta ni kazi ya siku kadhaa. Muda ukiisha, kizime kifaa au zima intarapti yake na uhakikishe kishughulikia kimemaliza (`disable_irq()` inakingoja, `disable_irq_nosync()` haikingoji), ndipo urudi. Njia nyepesi zaidi ni kuiweka `struct completion` ndani ya muundo wa kifaa, ambao unaishi muda wote moduli inapokuwa na kifaa hicho.

Mchakato ukikwama na hujui umelalia wapi, `sudo cat /proc/PID/stack` inaonyesha mfuatano wa funksheni (weka namba ya mchakato mahali pa PID). Ukiwa root, `echo w > /proc/sysrq-trigger` inaorodhesha kwenye `dmesg` wote walio kwenye usingizi wa pono.